Ushuhuda Ambao Sikuomba Kuutoa

Jumapili, mwezi wa saba. Jioni.

Ukungu haujaondoka Kibugu tangu asubuhi. Umeshuka kutoka msituni ukalala juu ya majani chai kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Nguo nilizofua Alhamisi bado zinanuka unyevu. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo: umelowa na haukauki. Atakayeniambia leo kwamba kila jambo lina kusudi lake, nitamfungia mlango.

Nimechoka kushukuru kwa amri.

Acha niyaandike hapa, kwa sababu kwa mdomo siwezi. Ukiwa umefika kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza, hukunijua nikiwa na sauti, kwa hivyo nieleze kidogo.

Nilizaliwa Kianjai, nikaolewa huku Embu. Nilipofika, Kiembu changu kilikuwa cha kubahatisha na wanawake wa hapa walicheka kila nilipofungua mdomo, si kwa ubaya, lakini walicheka. Kanisani ndiko nilikopata pa kukaa. Kwenye wimbo hakuna aliyejali nimetoka upande gani wa mlima. Niliingia kwaya nikiwa bibi arusi, na Munene alipokuwa bado wa kubebwa mgongoni nikawa mwalimu wa kwaya. Sasa Munene yuko shule ya bweni na anaanza kuota ndevu. Miaka hiyo yote hakuna aliyeniita Nkirote hapa. Nyumbani ni Mama Munene, na kwingine kote ni Mwalimu.

Halafu shingo ikaanza kuvimba. Pole pole mwanzoni, nikawa naficha kwa skafu. Daktari mjini Embu alipopima alisema ni goita, na kwamba imekua kwa ndani inabana koo, lazima itolewe. Aliniambia wazi kabla ya opresheni kwamba neva ya sauti inapita hapo hapo, na wakati mwingine, hata mkono ukiwa mwangalifu, huumia. Nikatia sahihi. Mtu anayelala ameketi ili apumue hana maswali mengi.

Nilipoamka niliomba maji. Hakuna aliyegeuka. Nikaomba tena. Nikadhani ni dawa ya usingizi haijaisha mwilini.

Haikuwa dawa.

Tangu kabla ya mvua ndefu, sauti yangu ni pumzi tu. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi, tungoje. Uvimbe wenyewe ulipimwa ukapatikana hauna kansa, na hapo ndipo kila mtu huniwekea mtego. "Si ushukuru haikuwa kansa." Nashukuru. Kweli kabisa nashukuru. Lakini najua pia nilichopoteza, na sioni kwa nini furaha ya lile moja lazima inizuie kulia kwa hili lingine.

Watu wanadhani shida ni kuimba tu. Hawajui yale madogo madogo. Ng'ombe wa jirani akiingia kwenye mahindi yangu, nakimbia nikipiga makofi kama mwendawazimu. Kituoni, siku ya kupeleka majani chai, karani akiita jina langu lazima niinue mkono juu na kuupunga, na asiponiona anamwita anayefuata, kikapu changu kinabaki. Dukani nikinong'ona, mwenye duka naye ananong'ona. Sijui kwa nini. Ananiuliza kwa siri kama nataka unga wa mahindi au wa ngano, mpaka waliosimama nyuma yangu wananyoosha shingo kusikia tunapanga nini. Wengine wanafanya kinyume, wananipigia kelele usoni kana kwamba mimi ndiye kiziwi.

Mama yangu hupiga simu kutoka Kianjai. Kunong'ona hakusafiri kwa simu, kwa hivyo binti yangu Wanja, ambaye bado yuko shule ya msingi, hukaa kando yangu anasoma midomo yangu na kumwambia nyanya yake ninachosema. Juzi mama aliuliza kama bado namtegemea Mungu. Nilimwangalia Wanja. Wanja hakuningoja. "Ndiyo, cucu, anamtegemea," akasema, akaendelea kuchora kwenye kitabu chake.

Nilitoka nje nikaenda kusimama kwa kuku.

Halafu kuna wafariji. Wamenijia na asali, na tangawizi, na kitunguu saumu cha kutafuna asubuhi, na chupa ya mafuta yaliyoombewa. Dada mmoja kutoka kanisa lingine aliniambia nichunguze moyo wangu, huenda Mungu ameichukua sauti kwa kuwa nilikuwa najisikia sana nikiimba. Aliyasema hayo akila nduma nilizomchemshia. Nilimwongezea chai. Hadi leo sijui kwa nini nilimwongezea chai.

Na sasa nifike kwa Mama Ireri.

Mama Ireri ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani kwetu. Ni mjane mwenye umri wa mama yangu, mrefu, mgongo umenyooka kama wa msichana, na nguvu zake hazijaisha. Kama kuna msiba, yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Kama kuna harusi, yeye ndiye anayejua viti vitatoka wapi. Sina ubaya naye. Lakini anapoomba hanong'oni na Mungu, anahutubia, na anapokufariji unabaki ukitaka kulala.

Jumatano walikuja nyumbani, yeye na akina mama wengine. Waliimba, wakaomba, wakakaa. Nilikuwa nawapakulia chai wakati Mama Ireri alipotangaza, kama anayetoa zawadi, kwamba Jumapili hii ni ya shukrani na kamati imeonelea mimi ndiye nitoe ushuhuda.

Nikasema hapana.

Lakini vikombe vilikuwa vinagongana, wawili walikuwa wanacheka jambo lao, na mvua ilikuwa juu ya mabati. Nikasema hapana tena, kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu zote ni kama mtu anayepuliza moto. Mama Ireri aliona midomo yangu ikitembea. Akanishika mkono akasema, "Amina. Niliwaambia hatakataa."

Walipoondoka nilimwandikia ujumbe kwenye simu. Nilimwambia kwa heshima kwamba sitaweza, kwamba sijapona, kwamba wamtafute mwingine. Alinijibu kwa picha ya mikono miwili imekutanishwa kuomba. Nina hakika hakusoma. Miwani yake huwa haioni maandishi ya simu, na hataki mtu ajue.

Baba Munene alipotoka kazini nikamwelezea. Alikuwa na njaa na viatu vimejaa matope. Alisema ni jambo dogo, niende mbele, niseme asante, nikae. Nilimuuliza asante ya nini. Akasema ya kuwa hai. Nikamwambia kama ni hivyo hata kuku watoe ushuhuda. Akanyamaza, nami nikanyamaza, na tukakaa hivyo mpaka Ijumaa, ingawa kunyamaza kwangu hakuna aliyekuona kuwa kitu kipya.

Jambo ambalo sijamwambia yeye wala mtu mwingine ni hili: tangu hospitali sijaomba. Napiga magoti jioni kwa sababu Wanja ananiona. Nafumba macho, nangoja muda unaotosha, nasimama. Kanisani naenda kama mtu anayekwenda kwa jamaa waliokosana naye. Unafika, unasalimia, unakula walichopika, unarudi kwako, na lile lililo kati yenu hamligusi.

Leo tumekwenda wote watatu, ukungu mzito hata mnara wa kanisa hatukuuona mpaka tulipofika langoni. Nimekaa benchi la katikati na Baba Munene. Bado sijalizoea benchi hilo. Miaka hiyo yote mahali pangu palikuwa mbele, nimewapa watu mgongo, uso kwa kwaya.

Mbele leo alisimama Marigu. Marigu ni msichana mzuri, nilimfundisha mimi tangu akiwa kwaya ya watoto. Alianza wimbo ambao mimi ndiye niliyeupanga sauti, na akauanza juu mno. Nilijua kabla hawajamaliza mstari wa kwanza. Nilijua wakifika kwenye kiitikio sauti za kwanza zitapasuka, na mkono wangu ukaanza kushuka wenyewe hapa kwenye paja, chini, chini, mshushe, Marigu.

Zikapasuka.

Na mimi nilifurahi. Acha niliandike kama lilivyo. Wenzangu niliowapenda walikwama mbele ya kanisa zima na mimi nikafurahi, pale pale kwenye benchi, nikiwa na kitabu cha nyimbo mkononi. Kisha nikamwona Marigu anatafuta uso wangu katikati ya watu, vile alivyozoea kunitazama akipotea, nami nikainama nikajifanya nafunga kiatu.

Hapo ndipo Mama Ireri aliposimama na maiki. Alisema maneno mengi kuhusu wema wa Mungu. Akasema kanisa hili limepita majira magumu, kahawa ya wengine imenyauka kule chini, wazee wametuacha, lakini Mungu ni yule yule. Yote ni kweli. Sikuwa na neno. Halafu akasema, "Na sasa tumsikie Mwalimu wetu, ambaye Bwana amemponya."

Amemponya.

Ningeweza kuvumilia yote mengine. Nilikuwa nimejipanga kufanya vile mume wangu alivyosema: nisimame, nipumue neno asante, nikae. Lakini nilipotembea kwenda mbele neno hilo lilikuwa linanigonga kichwani kila hatua. Nilipokea maiki. Nikaiweka karibu kabisa na mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali, pumzi yangu ikajaa chumba kizima. Hata mimi nilishtuka. Ilisikika kama upepo wenye maneno ndani.

"Sijapona," nikasema. "Mnanisikia. Hii ndiyo sauti iliyobaki. Watu wanaponiambia nishukuru, ni kama wananiambia ninyamaze, na mimi tayari nimenyamazishwa. Nimemkasirikia Mungu. Nimekuja hapa kwa sababu sina kwingine pa kuipeleka hasira hii. Huo ndio ushuhuda wangu."

Nikarudisha maiki kwenye meza, kwa sababu Mama Ireri hakunyoosha mkono kuipokea.

Sikumbuki nilivyorudi kwenye benchi. Mtoto mmoja alikohoa nyuma, na matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa, mabati yale ya upande wa vyoo ambayo kila mwaka tunasema tutayarekebisha. Mchungaji wetu ni kijana, bado anajifunza majina yetu. Alisimama, akashika maiki, akafungua mdomo. Nikajikaza. Nilikuwa nangoja aniombee kwa nguvu mbele ya watu, nikemewe kidogo na kubembelezwa kidogo.

Akaufunga mdomo. Akaketi.

Sijawahi kumheshimu mchungaji vile. Alikosa la kusema, na akakubali kwamba amekosa.

Kisha mzee mmoja huko nyuma akaanza wimbo, bila kwaya na bila kinanda, ule wa zamani wa Kiembu ambao hata wasioenda kanisani wanaujua. Watu wakasimama mmoja mmoja. Nami nikasimama. Na hapo kando yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani.

Baba Munene anaimba vibaya sana.

Simaanishi vibaya kidogo. Anaimba kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Maneno ya ubeti wa pili hayajui, anayatunga mwenyewe, na anayatunga kwa moyo wote, macho yamefumbwa, mshipa umesimama shingoni. Nimeolewa na mtu huyu, nimezaa naye, nimemzika baba yake, na sikuwahi kumsikia akiimba kwa sababu kila wimbo ulipoanza mimi nilikuwa kule mbele nimempa mgongo, na sauti yangu ndiyo niliyokuwa nikiisikiliza. Miaka yote hiyo watu wa benchi la katikati wameteseka na hakuna aliyeniambia, mke wake, mwalimu wa kwaya.

Nilicheka. Kicheko changu siku hizi hakina mlio, ni mabega tu, na mabega yalitikisika mpaka nikalia. Alifumbua macho akanitazama, akadhani ni kwa sababu ya yale niliyoyasema mbele. Akanishika mkono. Hakuacha kuimba. Natamani angeacha kidogo tu.

Nilitoka kanisani nikijua nimeharibu. Watu wawili watatu walinishika bega. Wengine walipita mbali. Mama Ireri aliondoka kwa mlango wa upande, na mwavuli wake ulipita nyuma ya wanaume waliokuwa wanaongea kuhusu mbolea, asinitazame. Njiani Baba Munene hakusema nimekosea, na hakusema nimefanya vizuri. Alisema, "Wamekusikia, lakini." Nikakubali kwa kichwa.

Mchana niliingia jikoni kumenya ndizi. Wanja alikuwa kwa rafiki yake, Baba Munene amekwenda kukata nyasi za ng'ombe. Nilikuwa nazimenya kwa hasira, na ndizi mbichi ukizimenya kwa hasira utomvu wake unakushika mpaka kwenye kiwiko. Mlango ukasukumwa. Hakubisha hodi. Alikuwa Mama Ireri, ameloa, gambuti zimejaa matope, mwavuli umevunjika ubavu mmoja.

Nilidhani amekuja kunigombeza, na nikasema moyoni, sawa, na uje. Nilikuwa tayari kabisa.

Alivuta kiti cha chini akakaa karibu na moto. Akachukua kisu kingine, akachukua ndizi. Akaanza kumenya. Hakuomba kwanza. Hakuniuliza hali. Tulimenya nusu ya beseni nikimwangalia kwa pembe ya jicho, kwa sababu Mama Ireri aliyenyamaza ni jambo la kutisha kidogo.

"Umeniaibisha," akasema mwishowe.

Nikakubali kwa kichwa. Ni kweli, nilimwaibisha.

Alisema hakuwa amesoma ule ujumbe wangu. Alisema miwani ile ilishamshinda. Akasema aliposimama pale mbele na kutangaza nimepona hakuwa anadanganya, alikuwa anaomba, ila aliomba kwa namna ya kutangaza, kwa sababu ndivyo alivyozoea, kusema jambo limekwisha kuwa ili lipate kuwa. Nilitaka kumjibu kwamba mimi si tangazo. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Unamjua Ireri wangu yuko wapi?"

Kila mtu anajua. Ireri, kifungua mimba wake, alikwenda Maua kwa biashara ya miraa, na anaendelea vizuri. Ndivyo anavyotuambia tangu nikumbuke. Nikamwonyesha kwa mkono, upande ule, Maua.

"Yuko huko, ndiyo," akasema. "Yuko hai. Mtu wa hapa alimkuta akipakia miraa kwa pikapu, akamwita kwa jina. Ireri akageuza uso kama hajaitwa. Hajakanyaga kwangu tangu tumzike baba yake. Namba yake ya simu sina. Yale ninayowaambia nyinyi, nayatoa kichwani."

Aliendelea kumenya. Ndizi aliyoshika ilikuwa imebaki ndogo mno, ameikata na nyama yake.

"Kila mwaka nasimama pale mbele, Mama Munene, nashukuru kwa ajili ya watoto wangu wote. Nasema wote. Watu wanaitikia amina. Na wewe leo umesimama ukasema shukrani ni kunyamazisha mtu. Nimekwenda nyumbani nikakaa kitandani. Kama utaniondolea ile asante, mimi nitasimama na nini?"

Nimekuwa nikimkasirikia mwanamke huyu tangu Jumatano, na kusema kweli tangu zamani kuliko Jumatano. Nilidhani maneno yake yanatoka mahali ambapo hapajawahi kuumizwa. Nilidhani anashukuru kwa urahisi kwa sababu kwake ni rahisi. Na muda wote alikuwa anashikilia ile asante kama mtu anayeshikilia mzizi kwenye mteremko, asitumbukie mtoni.

Nilimwambia sikutaka kumwondolea. Hakusikia. Moto ulikuwa unalia, na mimi ni pumzi tu. Nikarudia. Akavuta kiti kikikwaruza sakafu mpaka magoti yetu yakagusana, akainamisha kichwa chake karibu na mdomo wangu, kilemba chake kinanuka moshi na mvua. Hivyo ndivyo mtu anavyopaswa kukaa ili anisikie. Wengi hawakai hivyo. Wanakisia.

"Sikutaka kukuondolea," nikasema sikioni mwake. "Nilitaka tu mnisikie."

Akakubali kwa kichwa, pole pole. Kisha akasema, "Omba wewe. Mimi leo siwezi."

Niliwaambia hapo juu kwamba sijaomba tangu hospitali. Sikuwa na maneno tayari. Zile sentensi nzuri za maombi nilizozijua zilikuwa za sauti nyingine, ya mwanamke mwingine. Mikono yetu wote wawili ilikuwa imenata kwa utomvu. Nikaomba hivi; nimejaribu kuyakumbuka maneno yangu na nadhani hayakupita hapa:

"Mungu, Ireri unamwona alipo. Mwambie mama yake bado yuko hapa. Sauti yangu nayo unajua iko wapi. Hatuelewi unachofanya, na mimi bado nimekukasirikia. Lakini asante kwa huyu aliyetembea kwa mvua. Amina."

Ni baada ya amina ndipo nilipotambua nimesema asante, na kwamba hakuna aliyenilazimisha.

Mama Ireri alikaa kidogo na kichwa chake pale pale begani kwangu. Alilia kimya kimya, jambo ambalo sikujua analiweza. Kisha akajipangusa kwa ncha ya kanga, akasimama, akatazama sufuria yangu, akasema nimezikata ndizi kubwa mno, hazitaiva kabla ya watu kulala. Akazitoa. Akaanza kuzikata upya, zangu zote, moja moja, mbele ya macho yangu, jikoni kwangu. Nilimwacha. Nusu yangu ilitaka kumnyang'anya kisu na nusu nyingine ilitaka asiondoke.

Tulipika pamoja. Baba Munene aliporudi alimkuta hapo akashangaa, akavua kofia. Tulikula wote, na Mama Ireri akasema chumvi haikutosha.

Sasa ameondoka. Baba Munene amemsindikiza, na mimi nimekaa hapa na simu nikiandika kabla Wanja hajaanza kunidai kazi yake ya shule niikague.

Sijui niseme nini kuhusu siku ya leo. Sauti haijarudi. Nimejaribu sasa hivi, nimeita jina la Wanja kuelekea chumbani, na imetoka pumzi ile ile. Ireri bado yuko Maua. Kesho kutakuwa na watu njiani wataniambia nilikosa adabu kanisani, na pengine nilikosa. Kwa Marigu sijafanya kitu. Ningepaswa kumwandikia, niwe mtu mzima, nimweleze pale alipokosea na nimwambie asife moyo. Leo sina nguvu hiyo. Bado kuna sehemu yangu inayotaka aendelee kuanza juu mno mpaka watu waseme wamenikosa. Mungu anaiona sehemu hiyo. Na aione.

Ila kuna jambo limelegea. Nilikuwa nafikiri siwezi kurudi kwa Mungu mpaka hasira iishe, kama vile mtu huvua viatu vya matope kabla ya kuingia nyumbani. Leo nimeingia navyo. Nimezungumza naye matope yakiwa miguuni, mbele ya kanisa lote na tena jikoni kwangu, na sikufukuzwa mahali popote. Tena nimepata kumsikia mume wangu akiimba. Nikiwa mkweli, sauti yangu ingekuwepo nisingemsikia. Sisemi ni biashara nzuri. Wangenipa nichague, ningechukua sauti yangu na yeye akaendelea kunguruma huko nyuma. Lakini nimemsikia, na hilo sitaki kulirudisha.

Kesho Jumatatu tutachuma, manyunyu yakituruhusu. Nafikiri nitajaribu kuomba nikiwa katikati ya mistari ya chai, kwa pumzi hii hii, bila kupamba. Siku nitakayokosa la kushukuru, nitamwambia nimekosa. Siku nitakayopata moja, hata dogo, nitalitaja, hata kama nitalitaja uso umekunjamana.

Je, Bwana, asante iliyonuna huwa unaipokea?